Kipimamvua cha Kidia

Saa tatu kamili, si na dakika moja,
nainama kwenye kopo la shaba
nyuma ya ghala la chama cha kahawa, Kidia, Moshi ya juu.
Milimita sita na nusu. Naandika.
Miaka kumi na tisa naandika.

Mama mkwe anamenya ndizi za mtori.
"Na wewe una dini yako," aliniambia siku moja.
"Hicho kioo, mistari yake nani aliichora?"
Kiwanda.
"Umefika huko?"
Sijafika.
"Basi umeamini."

Nilicheka, lakini kisu kilikuwa kimeshaingia.
Nani aliniahidi
kwamba maji ya kesho yatashuka kama ya jana,
kwamba sita itabaki sita
nikiipa kisogo?
Hakuna hesabu iliyonipa hilo. Nililikuta,
nikakinga ndoo
kama mtu akingavyo kwenye mfongo
asimjue aliyeuchimba.

Nikamjibu kwa kisa cha Aprili ile:
usiku kucha bati lilipiga kelele,
asubuhi kopo kavu. Sifuri.
Sikusema mvua ilikuwa ndoto,
sikusema chombo hakikosei.
Nilichokoa faneli kwa kijiti cha mbuni
nikakuta nyigu amejenga.
"Hapo ndipo tunapoachana, mama.
Kitabu changu kina mistari
niliyoikata mwenyewe kwa wino mwekundu."

Maganda yakaanguka kwenye beseni, moja, jingine.
"Usiku alipokufa Elifuraha wangu
unadhani sikuchokoa?
Nilichokoa mpaka kijiti kikanivunjikia mkononi.
Nyigu sikumwona.
Maji nayo sikuyaona.
Jumapili yake nikaenda, nikakaa benchi la nyuma.
Sikuimba."

Kwenye daftari langu kuna safu ya tarehe,
safu ya kipimo, safu ya maoni.
Nilitafuta pa kuliweka hilo.

Leo kengele ya usharika imeshalia mara ya pili.
Wingu limeketi juu ya mlima tangu juzi.
Ndeshukurwa yuko mlangoni na kitenge chake kipya,
ananiuliza, mwavuli auchukue?
Nafungua kurasa: Septemba, tarehe kama hii,
miaka kumi na tisa, imenyesha mara tatu tu.
"Uache," nasema.

Anautazama mwavuli.
Ananitazama mimi.
Anauegemeza ukutani, anashuka.

Mpaka apotee kwenye kona ya migomba
nimesimama na kalamu, macho juu,
midomo yangu inatikisika
kama ya mtu anayehesabu.