Dirisha Namba Nne

Hadi Ijumaa ya wiki ya nne, saa kumi na moja jioni,
ada hurudi nusu.
Jumatatu ya wiki ya tano nakurudishia fomu yako tu,
na kalamu uiache hapohapo, imefungwa kwa uzi.

Kwamboka alikuja Jumatatu.
Julai, Nairobi imejifunika ukungu kama blanketi la hospitali,
korongo wameinama juu ya migunga ya barabarani
kama wakaguzi wa hesabu.
Alinuka moshi. Si wa jiko:
moshi wa nailoni iliyoyeyuka ikaganda upya.
Gikomba iliungua Alhamisi usiku.
Ijumaa kutwa alikuwa na mamake wakifukua majivu,
wakitafuta kisanduku cha bati.
Walikipata. Noti zilikuwa majani ya chai.

"Nataka kuacha masomo mawili," akasema,
"Takwimu, na Sheria ya Biashara.
Nipate asubuhi mbili za kuuza.
Mnirudishie ya hayo mawili
ninunue mtumba mmoja, sweta za watoto, baridi hii."

Nikatazama kompyuta. Kompyuta ikanitazama.
Miaka kumi na tisa nyuma ya kioo hiki chenye tundu
nimejua hesabu isiyofundishwa katika Takwimu:
masomo matano, wewe ni mwanafunzi;
manne, ungali mwanafunzi;
matatu, basari inakuona mpita njia,
na Bodi ya mikopo inakuandikia barua ya upole,
tunaomba uturejeshee.

"Nirejeshe nini?" akauliza.
"Pesa zilitoka kwao zikaja kwenu.
Hazikupita hata kiganjani kwangu kunipasha joto."

Sikuwa na jibu lenye mhuri.

"Kwa hiyo," akasema polepole,
"nauli ya kutoka ni kubwa kuliko ya kuingia."

Foleni nyuma yake ikakohoa.

Mezani nina mhuri wa tarehe,
magurudumu madogo ya mpira: siku, mwezi, mwaka.
Kidole gumba changu kinaijua njia ya kurudi nyuma.
Jumapili. Jumamosi. Ijumaa.
Nani angejua? Wino ni uleule.
Nilikwisha kulizungusha gurudumu la kwanza
nilipokumbuka: hata Ijumaa, matatu ni matatu.
Nusu ningempa kwa mkono huu,
basari ingeimeza kwa mkono ule,
na deni likae palepale, lishibe, lizae.

Nikainamia tundu la kioo.
"Usiache," nikanong'ona.
"Yabaki kwenye ratiba, nawe nenda ukauze.
Siku ya mtihani njoo, andika jina,
andika unalokumbuka, weka kalamu, toka.
Feli. Kurudia somo kuna ada ndogo kuliko kuliaga.
Hapa kwetu anayefeli bado tunamhesabu.
Anayeomba ruhusa kwa adabu, huyo ndiye tunamdai."

Sijawahi kumwambia mtoto wa mtu afeli.
Nina wangu wawili. Nilihisi masikio yakiwaka.

"Takwimu ya kwanza nilipata A," akasema,
si kwa kujigamba;
kama mtu anayetaja alichoacha ndani ya nyumba inayoungua.

Akaigeuza fomu, upande ulio mweupe,
akaomba kalamu ileile ya uzi,
akapiga hesabu zake: sweta sitini, kuzifua,
kibanda cha kuazima, chai.
Akaikunja mara nne, akaondoka nayo.
Sikuirudisha tarehe ya mhuri mpaka saa sita.
Wanafunzi wawili wana risiti za Jumapili.

Disemba matokeo yalipita mezani kwangu, si kazi yangu kuyasoma.
Nilishuka na kidole hadi jina lake.
Sheria ya Biashara: amefeli, kama tulivyoagana.
Takwimu: sitini na moja.

Mkaidi yule.
Atakuwa aliketi ili aandike jina tu,
na mkono ukamshinda kusimama.