Duara

Nilipofikishwa, shule ilikuwa mahema matatu ya sufu
na jengo moja la matofali, mlango wa kijani.
Baba alinishusha farasini, akamkabidhi mwalimu Khorloo
gunia la mavi makavu ya ng'ombe, kuni zangu za msimu,
akageuza farasi bila neno.
Ndivyo walivyoaga.

Tulilala miguu ikielekea jiko,
vichwa ukutani, nywele zikiamka na barafu.
Dulmaa aliwahesabu mbuzi wa kwao kwa majina
hadi usingizi umkatize
kwa yule mwenye sikio moja.

Kisha likaja lori la saruji.
Ghorofa mbili, madirisha bado ni nailoni,
nasi tukapanga foleni tuzijaribu ngazi:
tulikuwa hatujawahi kupanda kitu
kisicho mlima wala mnyama.
Mahema yakakunjwa siku moja, kabla ya chakula cha mchana.

Leo nimemleta mjukuu. Bweni jipya lina mabomba ya joto,
mlango unafunguka kwa kadi.
Mlezi ananionyesha mashine ya kufulia, anangoja nishangae.
Nashangaa, ndiyo, kisha natoka nje.

Nyuma ya karakana nalikuta:
duara la udongo mgumu, hatua nane upana,
nyasi zimelizunguka, hazijathubutu kuingia.
Mjukuu karuka katikati, anauliza
huu ni uwanja wa mchezo gani.

Nazunguka hadi upande wa kusini, ulipokuwa mlango.
Naingia.
Najikuta nimeinama
nisigonge kichwa.