Injini Yako Inakunywa Nini?

Ndilo swali langu la kwanza, kabla ya salamu.
Hapa Essence, mtaa wenye jina la petroli,
petroli siuzi. Nauza utelezi,
katika mji ambao mvua inaugawa bure
kila mteremko, toka Kadutu mpaka ziwani.

Bisimwa wa teksi anataka ya kifuniko cha dhahabu.
Hasomi namba. Analitikisa galoni karibu na sikio
kama anayekagua yai.
“Hii ndiyo sintetiki. Inasema kama maji.”
Namwonyesha ya kifuniko cheusi: tano-thelathini ile ile,
pungufu dola sita.
Ananitazama kama nimemtukania mama.

Shofa wa masista huja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
sifuri-ishirini, sintetiki kamili,
si nusu, wala “inayofanana nayo”.
Mwenye karatasi habishani.
Anangoja risiti, anaisoma mara mbili, anakwenda.

Vijana wa pikipiki hununua kwa chupa ya soda,
nusu sintetiki, kumi-arobaini,
wakichanga faranga zilizolainika kwa jasho.
Mugisho anaapa kwamba nyekundu hupoza.
Akonkwa anamjibu: rangi ni rangi, ndugu yangu,
hata juisi ya unga ni nyekundu.
Wanabishana
mpaka abiria wao anapanda ya mwingine.

Marehemu mume wangu hakuiamini sintetiki.
“Nyepesi mno,” alisema, “inapita kama mgeni.”
Yeye alikuwa mtu wa ishirini-hamsini,
nzito kama asali ya Kabare.
Siku aliyouza gari letu akaongeza na nyingine, nzito zaidi,
na ule mgongano wa vyuma tuliouzoea
ukalala usingizi.
Mnunuzi alizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti,
akatabasamu. Akahesabu noti moja moja,
akiziinua kwenye mwanga, asije akatupa iliyochanika.

Gari lilifika Mudaka.

Alirudi kwa miguu, viatu mkononi.
Hakufoka. Aliketi pale, kwenye lile jiwe
ninapoegemeza mlango, akaomba maji.
Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia.
Mimi ndiye niliyepeleka kikombe.

Basi mkinikuta nimechomoa kijiti cha injini ya mtu,
nasugua tone kati ya vidole, nanusa,
msidhani napenda harufu.
Na mkisikia naulizia kilomita, moshi,
kelele za asubuhi, msinung’unike.
Oili nzuri hulinda. Oili nzito, wakati mwingine, hunyamazisha tu,
na kopo haliandiki tofauti.

Bisimwa amerudi. Anataka ya dhahabu bado.
Nampa; dola sita ni zake,
na watoto wangu wanasoma.
Ila kabla hajafungua kifuniko
nashika ukingo wa dirisha lake.

Washa, namwambia.
Zima redio.
Sasa ngoja.