Risiti Namba 153

Umeme umekatika na risiti iko mkononi:
namba 153.
Mizani ya mwaloni Kirumba imefumba macho yake mekundu,
gunia la dagaa la Nyanjige limebaki juu, halina kilo,
nasi tunangoja, sisi na inzi.

Nikaigeuza risiti, nikachukua kalamu.
Moja mara moja mara moja: moja.
Tano hivyo hivyo: mia na ishirini na tano.
Tatu: ishirini na saba.
Jumlisha.
Mia moja hamsini na tatu.
Imejizaa.
Imejitazama majini, na maji hayakutikisika.

Kaka yangu Lugendo ndiye aliyenionyesha,
karani wa mizani hii kabla yangu,
aliyeacha shule kidato cha pili, hesabu hakuziacha.
Siku moja alipanga makopo ukutani mwa ghala:
kumi na saba chini, kumi na sita juu yake,
akapunguza, akapunguza,
hadi moja peke yake, juu kuliko kichwa chake.
"Yahesabu."
Nikayahesabu. Ni ileile.
Bwire mwenye ghala akatufukuza, yakaporomoka,
yaliyobonyea yakakatwa kwenye mshahara wa Lugendo,
ambao nao haukuwa namba ya kujivunia.

"Sasa nipe yoyote inayogawanyika kwa tatu," akasema tukiwa nje,
"hata ya pikipiki ya yule."
Kila tarakimu ijizidishe hivyo, mara tatu, ujumlishe, urudie.
Nikampa sabini na tano:
468.
792.
1080.
513.
153.
Zote huishia hapo,
kama Simiyu, kama Mara, kama Kagera ndani ya ziwa letu.
Ila ziwa lina mlango kule Jinja,
maji huchungulia, yakaondoka.
Hii haina mlango. Ukifika umefika.

Wapo wasemao ni namba ya kanisani.
Mimi nimeikuta kwenye mizani.

Mwaka wa sita huu Lugendo hajashuka Mwanza.
Anapeleka dagaa Kongo kwa lori la watu,
na ujumbe wake ni mmoja: nipo njiani.
Ana miaka arobaini na sita.
Basi nikaijaribu, umeme bado, nani angeniona?
280. 520.
133. 55. 250.
133. 55. 250.
Nikadhani nimekosea, nikaanza upya.
133. Tunduma.
55. Kasumbalesa.
250. Lubumbashi.
133.
Arobaini na sita haigawanyiki kwa tatu.
Haikuwahi kuahidi kitu.

Mwakani, arobaini na saba:
407,
hatua moja tu, halafu inaganda,
maana nayo hujizaa yenyewe.
Mji mwingine. Huenda na mke.
Hapo kalamu niliiweka chini.

Nikaichukua tena.
Arobaini na nane.
576. 684.
792 — hii naijua! tulipita hapa, mimi na yeye, nje ya ghala —
1080, 513,
na sikuandika ya mwisho.

Taa zikarudi. Mizani ikahema, ikasoma sifuri
huku gunia limeikalia.
"Hata mashine inasahau," Nyanjige akasema.
Tukalishusha, tukalipandisha upya.
Risiti inayofuata ni 154.
Kwa tatu haigawanyiki.
Nikaiandika hivyo hivyo.