Rangi ya Viganja

Chupa aliileta wifi yangu kutoka Jeda:
vidonge laini, rangi ya kiini cha yai la kienyeji.
"Kimoja kwa siku, ngozi iteleze," akasema.
Nami, kwa haraka ya harusi ya Mwanaisha,
nikameza vitatu.

Wiki ya sita viganja vikageuka.
Majirani wa Kuze wakauliza:
hina gani hii isiyo na maua?
Mama akanifunua jicho kwa kidole gumba,
akatafuta umanjano. Jicho jeupe pe.

Nikaenda Mwembe Tayari, dukani kwa Bi Twahira.
Akaigeuza mikono yangu chini ya taa, akacheka:
"Karoti tu hiyo. Acha kumeza, itajifuta yenyewe.
Ila jua la Mombasa halihongeki kwa kidonge,
mwavuli usiuache nyumbani."

Akanirudishia mikono yangu. Kisha:
"Nani mwengine anazimeza?"

Mume wangu, nikasema. Famau. Kwa ajili ya macho.

"Famau yule wa paketi mbili kwa siku?"

Cheko likapwa usoni mwake.
"Mvutaji asiziguse.
Kwa mapafu kama yale, hizi si chakula.
Ni kuni."

Usiku nikamweleza neno kwa neno.
Alinisikiliza, haki yake nimpe, mpaka mwisho.
Akaisukuma chupa upande wangu,
akapapasa mfukoni,
akawasha sigara.

Siku hizi nanunua mchicha, papai, batata za manjano.
Viganja vyangu vimesharudi.
Vidole vyake viwili, vile vya kushikia,
vingali na rangi.