Harufu ya Ndara Mpya

Wenzangu wakishika mimba walitamani udongo,
embe mbichi kwa pilipili, majivu ya sigareti.
Mimi, kwa mimba yako, Matano, nilitamani harufu:
ndara zikitoka mashineni, moto bado,
laini kama mkate wa sinia.
Nilizinyanyua mbili mbili,
puani kwanza, kisha mfukoni.

Kiwanda chenyewe Changamwe, nyuma ya reli,
mabati yakilia jua likipanda.
Kazi yangu pipani. Mafuta yasiyo mafuta,
hayana rangi, hayana ladha (nilionja kidole),
tuliyaita kilainisho,
ndiyo yaliyoifanya plastiki ikubali kupinda.
Glavu zilikuwapo.
Zilikuwa kabatini, na ufunguo Nairobi.

Ukazaliwa Jumatano, kilo tatu na robo.
Mkunga akakugeuza, akatazama wanapotazama,
akanyamaza.
"Kokwa moja haijashuka. Itashuka."
Ikashuka mwezi wa sita. Nikachinja jogoo,
nikasahau.

Leo waendesha kreni bandarini,
wainua kontena kama mtu ainuavyo kibiriti,
na Mejumaa wako, mwaka wa sita huu,
amekunywa kila nilichompa:
mvuje, habasoda, mizizi ya Kinango
niliyoichemsha mpaka ikawa lami.
Siku zake nilimhesabia mimi.
Nikasema jikoni, kwa sauti ya kusikika,
"Nyumba hii haina hata wa kuvunja kikombe."

Kumbe kikombe ulipewa wewe, Ganjoni, ghorofa ya pili,
cha plastiki, kifuniko cha manjano.
Karatasi ukaificha chini ya mkebe wa sukari.
Kiingereza sikijui, tarakimu nazijua:
milioni mbili.
Nikafurahi, wallahi. Mtongwe hii
nani ana milioni mbili za kitu chochote?
Mejumaa ndiye aliyeniambia, kwa upole nisioustahili,
kuwa ni chache. Ni chache mno.

Nilivuka feri peke yangu hadi kwa daktari yule,
Bi Nyamawi, umri wa kuwa binti yangu.
Akanichorea tumbo, ndani ya tumbo nukta.
"Mbegu za mwanamume huja ukubwani, mama,
lakini jiko lake hujengwa humu,
wiki ya nane hadi ya kumi na nne.
Na ziko kemikali zinazoizuia homoni isiseme,
mafiga yakawekwa pungufu, jiko likafunikwa,
na hakuna wa kulijenga tena."
"Ni pipa langu?"
"Siwezi kusema ndiyo. Siwezi kusema siyo."
Heri angenipiga kofi.

Nikahesabu nyuma, kwa vidole vile vile.
Wiki ya nane: Ramadhani. Zamu za usiku,
pea za watoto, nyekundu na buluu, za Idi.
Mombasa nzima watoto waliswali miguu iking'aa.
Nami nilifuturu kwa mikono ile,
tende, mkate wa mofa,
nawe ukila nilichokula.

Jana nimeimwaga mizizi mtaroni.
Mejumaa alitazama, hakusema.
Akaisugua sufuria mara tatu;
ile ya tatu nadhani ilikuwa yangu.

Na leo asubuhi mtoto wa jirani kaja na ndara mpya,
akazivua mlangoni kwa adabu.
Nikainama kama naokota kitu.
Mungu anisamehe, Matano.
Bado yanipendeza.