Uzito wa Gunia

Nilipima korosho miaka thelathini na mmoja
katika ghala la chama cha msingi, Tandahimba,
na nilichoondoka nacho pale ni hiki:
gunia nalo lina uzito wake.
Mkulima anasimama, macho kwenye mshale wa mizani
kama mtu anayesomewa hukumu.
Naandika themanini na moja.
Natoa kilo moja ya gunia.
Ananitazama kana kwamba nimemng'oa jino.

Leo nimepita kuwasalimu, Sharifa akaniuliza.
Ana miaka ishirini na nne, amerithi kiti changu,
kalamu anaichomeka sikioni nilivyokuwa naichomeka mimi.
"Mama Nalyoto, niambie kweli.
Huko mbele kuna nafuu?"
Kama anayeulizia barabara ya Newala,
kama mashimo yamezibwa.

Nikacheka. Kisha jibu likanikosa,
nikajifanya naufunga upya ushungi.

Maana nilipokuwa na umri wake nilikuwa na magoti.
Mawili, mazima, sikuyashukuru hata siku moja.
Nilishuka nayo bondeni usiku kufuata maji,
nikapanda nayo na ndoo kichwani
na mtoto mgongoni na mwingine tumboni.
Nilikuwa na meno ya kumenya muwa.
Na hofu.
Hofu ya mama mkwe, ya mkaguzi kutoka Mtwara mjini,
hofu ya Namtimba kuchelewa kurudi,
kisha hofu ya Namtimba kurudi.
Hofu ya watu watasemaje.

Watu walisema.
Wakachoka.
Wengine wakafa, nikawapikia ubwabwa wa hitima.

Sasa magoti huniamsha kabla ya mwadhini.
Barua naisogeza mbali mpaka mkono unaisha.
Jina la mjukuu nalipata kwa kuwaita wote,
wa sita ndiye anayeitika.
Bomba limefika mlangoni,
maji hutoka Jumanne, na Ijumaa wakikumbuka,
na niliokuwa nikiwaogesha hawapo:
wawili Dar, mmoja ng'ambo ya Ruvuma,
na Mwanaidi wangu yuko nyuma ya msikiti, mchangani.
Huyo nimempima kila njia.
Hana kilo ya kutoa.

Lakini, Sharifa, nalala.
Mtu akinitukana namsikiliza
kama redio ya nyumba ya pili.
Chai nainywa kwa kelele.
Na mwaka juzi, jioni moja, nikichambua mbaazi,
nilimwambia Namtimba, "Ondoka,"
kwa sauti ya kumwonyesha mtu chumvi ilipo.
Akaondoka! Na redio yake.
Neno lile nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa,
na sijui kwa nini lilichelewa.
Labda ni kama bibo.
Korosho haipandiwi mtini, unajua,
huisubiri ikaanguka yenyewe, asubuhi, bila kuitikisa.
Labda hiyo ni hadithi ninayojipa
ili miaka ile isiniume.

Mkorosho wa uani bwana shamba aliutia alama ya chokaa.
Umezeeka, alisema, ukatwe,
kisiki kibebeshwe kikonyo kipya.
Sikuukata. Sikuupulizia hata salfa.
Mwaka huu umenipa kilo tisa.
Mwaka ule Mwanaidi alipozaliwa ulinipa arobaini,
na zote zikaenda kwenye deni.
Hizi tisa nimezikaanga mwenyewe, moshi ukanitoa machozi,
nimekula kibarazani, sikumgawia mtu.

Haya yote sikumwambia.
Alikuwa bado amenikodolea macho, kalamu sikioni,
mlangoni kijana mmoja ameshusha mzigo, anahema,
shati limemganda mgongoni.

Nikasema, "Mpimie kwanza huyu, amesimama sana.
Na gunia usilisahau."